Niondoke mtoto akiwa skuli?

Shikamoo Somo,

Nakuandikia kutoka Maskati, niko jikoni, saa nne usiku, watu wameshalala. Nimebakisha siku ishirini na tatu. Mimi ni mwanamke wa miaka 37, kwetu Pemba upande wa Mkoani, na kazi za ndani huku Oman nimezifanya miaka kumi na moja. Minne ya mwanzo nilikuwa nyumba nyengine, hiyo sitaki kuikumbuka. Saba hii niko hapa, na hapa nimekaa na watu wazuri, Mungu shahidi. Mshahara haujawahi kulala. Kwetu nimekwenda mara mbili tu, 2018 na 2022.

Nilipoingia nyumba hii madamu alikuwa na mtoto wa siku kumi. Arubaini yake nimeitoa mimi. Leo ana miaka saba. Nimemlea mgongoni, na kanga niliyokuwa nikimbebea bado ninayo, imechakaa imekuwa nyepesi kama chachi, jina lake "Nani kama mama". Kiswahili nimemtia bila kukusudia. Usiku halali mpaka nimwambie "Paukwa", naye ajibu "Pakawa", hata kama macho keshayafumba. Mama yake anatoka kazini jioni. Ananiheshimu, tena sana, lakini naona uso wake mtoto anaponikimbilia mimi kwanza.

Sasa narudi kwetu, sirudi tena huku. Mama yangu amekuwa mtu mzima, magoti hayampi nafasi, na binti yangu ana miaka kumi na tano. Nilimwacha na minne. Nilipotoa habari hapa nyumbani madamu alilia kidogo, kisha akatoa shauri lake: mtoto asiambiwe. Siku ya safari atapelekwa skuli kama kawaida, mimi niondoke saa tano asubuhi, akirudi aambiwe nimekwenda likizo. "Watoto wanasahau," kanambia.

Somo, mimi hilo nimeshalifanya mara moja. Mwaka 2014, alfajiri, binti yangu kalala mkekani na bibi yake, nilimvuta shuka nikamfunika, nikatoka na begi nimelibeba kichwani ili magurudumu yasipige kelele kwenye mawe. Mama alisema ndiyo bora, mtoto asilie. Baadaye nikasikia alikaa kizingitini siku tatu, kila gari likisimama anainuka. Mpaka leo ananiita "Mama Maskati". Mama ni bibi yake. Nikipiga simu ananijibu vizuri: mzima, nasoma, ahsante. Kama anazungumza na mwalimu.

Hapa yupo pia mama mkwe wa madamu. Yeye kazaliwa Wete, wakaondoka 1964 akiwa na miaka tisa. Kiswahili chake ni cha kwetu hasa, kinanishinda hata mimi. Akinikuta nakuna nazi humtaja yaya wake wa Wete, kwa jina. Nilipomuuliza hili la mtoto alisema nifanye nitakavyoona, akainuka akaenda kusali.

La pili ni mizigo. Orodha iliyotoka nyumbani: mablanketi manane, chupa za chai, maziwa ya kopo, udi, na televisheni ya kaka. Kuna jirani hata simjui, ameagiza simu. Nina masanduku mawili, na nimepata watu wa kuchangia kontena mpaka Unguja. Akiba yangu ni riali 1,900. Nyumba yangu imefika kwenye lenta. Upatu nimeshapokea zamu yangu, imebaki miezi minne ya kutoa riali ishirini ishirini. Wenzangu wawili wananiambia niondoke tu, nani atanifuata Pemba.

Nianzie wapi, Somo?

Mama Maskati


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaiweka, nikaisoma tena baada ya adhuhuri, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani unaniuliza habari ya mtoto wa madamu.

Tuanze huko hata hivyo, maana siku zinakwenda. Usiondoke kwa kificho. Mtoto wa miaka saba anajua kuhesabu. Anajua yaya akienda likizo anarudi, kwa sababu wewe mwenyewe 2022 ulikwenda ukarudi. Kwa hiyo atahesabu. Siku zikipita atauliza, na mama yake atatunga uongo wa pili ili kuulinda wa kwanza. Na hapo atajifunza kwamba mtu anaweza kumpikia mtu asubuhi, kumfunga kamba za viatu, na jioni asiwepo, nyumba nzima ikajifanya haikuona kitu. Hata mama yake akienda kazini siku ya pili, huyo mtoto atakuwa na shaka.

Lakini usimhukumu madamu. Sioni nia mbaya. Anaogopa kilio, na zaidi anaogopa kusimama pale sebuleni mwanawe akilia, na wote mnajua anamlilia nani. Hilo ni jambo zito kwa mama. Tena mtoto ni wake, si wako. Kwa hiyo pia sikushauri umwite pembeni ukamnong'oneze. Ukifanya hivyo utakuwa umeiba, hata kama ulichoiba ni kwaheri.

Mtu wako ni yule bibi.

Umemtaja kwa kupita, katikati ya habari nyingine, lakini mimi nilisimama hapo. Mtu ana miaka sabini. Ametoka Wete na miaka tisa, mwaka ule wa Mapinduzi ambao watu waliondoka visiwani kwa haraka na watoto hawakuulizwa kitu. Bado akisikia mbuzi inakuna nazi anamtaja yaya wake kwa jina. Nenda kwake siku madamu yuko kazini, kaa naye chini, umuulize swali moja tu: "Bibi, yule yaya wako mliagana?" Halafu usiseme neno. Jibu lolote atakalokupa, mwombe alirudie mbele ya mkwewe. Maneno "watoto wanasahau" yana majibu mengi, lakini yakitoka kwako yataonekana ni kiburi cha mfanyakazi. Yakitoka kwake, ndani ya nyumba ile, hayana wa kuyapinga. Na kule kuinuka akaenda kusali, mimi sidhani kama ulikuwa wakati wa sala.

Akikubali madamu, mambo yaende hivi. Mtoto aambiwe siku saba au nane kabla, si leo. Siku ishirini na tatu kwake ni mwaka. Chagueni alhamisi akitoka skuli, maana huko Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko, apate siku mbili za kulia akiwa nyumbani na si darasani. Mama yake ndiye aanze kusema, wewe uwe umekaa hapo hapo. Na maneno yawe machache: "Ninarudi kwetu kwa mama yangu na binti yangu. Sitarudi kufanya kazi hapa. Hujakosa kitu." Hilo la mwisho liseme mara mbili. Mtoto akiachwa hujitafutia kosa, na hulipata: siku ile nilimwaga maziwa, siku ile nilimrushia kiatu.

Usimwambie "nitakuja kukutembelea" kama huna tiketi. Usimwambie "wewe ni mwanangu". Najua unavyoona moyoni, lakini siku hiyo neno hilo litamchoma mtu wa tatu aliyekaa kwenye kochi.

Siku hizo saba zilizobaki, fanya kazi moja ambayo hulipwi: mkabidhi. Usiku wa kwanza "Paukwa" aseme mama yake, wewe ukiwa umekaa kitandani. Usiku wa tatu usimame mlangoni. Usiku wa tano uwe jikoni unaosha vyombo, uwasikie kwa mbali. Kiswahili chake kitakwama, sungura atakuwa fisi na fisi atakuwa sungura, na mtoto atacheka amsahihishe. Mwache amsahihishe. Ukisikia kicheko hicho kutoka jikoni kitakuuma kidogo, nakwambia mapema ili usishangae.

Sasa hiyo kanga. Najua umeshafikiria kumwachia. Usimwachie. Kanga ina jina, mwanangu, na jina hilo madamu atakuwa analisoma kila asubuhi juu ya kitanda cha mwanawe, na kama halisomi, mama mkwe atamsomea. Ifue, uikunje, uitie kwenye sanduku lako, chini kabisa. Umwachie sauti. Chukua simu ya bibi, ujirekodi hadithi tano au sita zile anazozipenda. Ukishasema "Paukwa" usiendelee mara moja. Nyamaza kidogo, ili apate nafasi ya kujibu.

Baada ya hapo, katika mwezi wa kwanza mtumie ujumbe wa sauti mara moja kwa wiki. Unajua mwenyewe adha ya kupiga simu za WhatsApp huko. Sauti inatosha, aisikilize muda wake. Pemba mko nyuma ya Maskati kwa saa moja, kwa hiyo ukituma baada ya magharibi utamkuta bado hajalala. Mwezi wa pili punguza. Akianza kuchelewa kukujibu usinung'unike, ujue amepata rafiki au mpira.

Haya, mizigo. Nilikaa Ruwi, hapo hapo Maskati, miaka sita, nikirudi nilibeba mablanketi manne, yale mazito ya mfuko wa zipu. Nilishuka nayo Unguja mwezi wa Machi, jasho linanitiririka. Matatu niliyagawa, la nne liko juu ya kabati mpaka leo, paka amezalia humo mara mbili. Nani anajifunika blanketi la kilo nne Mkoani? Wanaagiza kwa sababu ndicho kinachoonekana kimetoka Oman. Nunua mawili: moja la mama yako, maana magoti yanahitaji joto, na moja la yule utakayeona mwenyewe anastahili. Waliobaki wape ubani wa Dhofar na sabuni. Ubani hauna uzito, na kila ukifukizwa utasifiwa. Halua usijisumbue, utatukanwa bure na watu wa Wete wanaopika ya kwao. Televisheni mwambie kaka inauzwa Darajani. Jirani wa simu usimjibu.

Kontena huchukua wiki nyingi baharini na bandarini, kwa hiyo vya kwenda huko vifunge wiki hii. Kumbuka hili: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa nafuu ya ushuru mtu anayehamia nyumbani, lakini kwa vyombo na vitu vyake mwenyewe alivyokwisha kuvitumia huko alikokaa. Sufuria zako, cherehani yako, nguo zako, hivyo ni vyako. Mablanketi manane kwenye nailoni hayawezi kuwa ya mtu mmoja, na ofisa wa forodha ana macho. Andika orodha ya kila kilichomo kwenye kila sanduku kwa mkono wako, ukae na nakala. Dhahabu, pesa na vyeti havipandi kontena, vinakwenda na wewe kwenye mkoba wa begani.

Karatasi: kabla bataka, yaani kitambulisho chako cha ukaazi, haijafutwa, itoe nakala, pamoja na mkataba na kurasa za pasipoti zenye mihuri. Hizo ndizo zitakazosema ulikaa wapi na kwa muda gani. Mambo ya benki na laini ya simu yamalize ukiwa bado unayo bataka hai. Soma mkataba uone umeandikwa nini juu ya kiinua mgongo na tiketi, uwakumbushe kwa adabu. Watu wazuri nao husahau. Na karatasi ya kusema "nimepokea haki zangu zote" isainiwe baada ya kupokea, si kabla, hata kwa watu wazuri.

Upatu utaulipa. Hapa sitaki mjadala. Miezi minne mara riali ishirini ni riali themanini, na ziko mezani kwako. Nyie wengine mlipokea mapema kwa sababu kuna wanawake walikubali kusubiri mwisho, na hao ndio utakaowakimbia. Mpe kijumbe zote kwa pamoja, mbele ya watu, Ijumaa mnapokutana kuagana. Hao wenzako wawili wanaokwambia uondoke tu ndio watakaokuwa wa kwanza kulitangaza jina lako, boti haijafika Mkoani.

Zitabaki riali 1,820. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, na kiwango hakijabadilika tangu 1986, moja ni kama dola mbili na senti sitini, kwa hiyo unashika karibu dola 4,700. Hiyo si pesa ya kukimbilia kuibadilisha yote ikawa shilingi siku ya kwanza, wala si pesa ya kumtajia mtu. Ukiulizwa una ngapi, sema nyumba imefika kwenye lenta. Ni kweli, na kila mtu anajua lenta inakula.

Nimefika kwenye lile lililonifanya niisome barua yako mara mbili. Una siku ishirini na tatu, na umezijaza zote na mtoto wa madamu. Wewe unamtafutia mtoto wa watu kwaheri ambayo wa kwako hukumpa. Sikulaumu. Ndiyo njia moyo ulioipata. Lakini huyo wa saba ana mama, ana bibi, ana skuli, na baada ya miezi michache atakuwa sawa. Huyo wa kumi na tano ndiye unayekwenda kuishi naye.

Kwenye simu yako zipo picha ngapi za yule mtoto? Amezaliwa, anakaa, ameng'oka jino, siku ya kwanza ya skuli. Na ile picha ya mbele, unapowasha, ni nani? Kama ni yeye, iondoe kabla hujapanda ndege. Nyingine zihifadhi mahali, usizifute, lakini usimfungulie binti yako wiki ya kwanza, wala usimsimulie jinsi Mwarabu mdogo alivyokuwa akikulilia. Atakusikiliza kwa adabu, atasema "ahsante", na utakuwa umempoteza tena. Ile kanga nayo isitandikwe.

Usidai jina. Mama ni bibi yake, na ni haki ya bibi yake, aliyeamka naye usiku wa homa. Ukifika usianze kumnyang'anya mama yako jiko na mtoto kwa mpigo kwa kuwa sasa mwenye nyumba amerudi. Omba ulale chumba kimoja nao, hata mkekani. Uliza anapenda kula nini, maana unachokumbuka ni cha mtoto wa miaka minne. Na usimletee begi lililojaa viatu likawa ndiyo maneno yako. Kitu kimoja kizuri, alichokitaja yeye. Kama hujui alichokitaja, hiyo ni simu yako ya kwanza leo usiku.

Simu ya pili ni ngumu zaidi. Mpigie akiwa peke yake, umwambie habari ya ile alfajiri. Huenda anajua kipande tu, huenda ameambiwa ulikwenda dukani. Mwambie ulimfunika shuka. Mwambie ulilibeba begi kichwani ili asisikie, na kwamba lilikuwa kosa. Usiongeze "lakini nilikuwa nakutafutia ada ya skuli", kweli hiyo anaijua, ameisikia miaka kumi na moja. Ukimaliza kaa kimya, hata kama atajibu "sawa" tu.

Kisha mpe tarehe. Mwambie wewe, si bibi yake, boti itatoka Malindi siku gani na saa ngapi, na kwamba unamwomba aje gatini kama atapenda. Ukishuka Mkoani usimpe mtu akubebee begi. Liburure mwenyewe pale gatini, lipige kelele zote.